Chakula cha Kigiriki si siagi na jibini: pika kama mwanakijiji wa Krete

Na Daktari Wetu

WAGONJWA wengi wa shinikizo la damu na kisukari ninaowahudumia huniuliza swali moja. "Daktari, nimesikia kuwa chakula cha Wagiriki ni kizuri kwa moyo. Je, nianze kukila?" Nami huwajibu kwa swali lingine: Mgiriki yupi? Wa shambani au wa mkahawani?

Tofauti ya hao wawili ni kubwa. Ukiingia katika mkahawa wa mjini ukaagiza chakula cha Kigiriki, utaletewa moussaka iliyofunikwa kwa tabaka nene la mchuzi mweupe wa siagi. Ama utaletewa nyama iliyokunjwa ndani ya mkate pamoja na chipsi, na baadaye baklava inayochuruzika shira. Mtu mwenye presha akila hivyo kila Jumamosi akidhani anaulinda moyo wake, anajidanganya.

Mimi nasema chakula cha Kigiriki chaweza kutufaa sana sisi wakazi wa mijini, mradi tukipike wenyewe nyumbani na tukirudishe kilikotoka, yaani katika sufuria ya mwanakijiji maskini. Nasema pia kuwa tukifanya hivyo tutagundua kwamba nusu ya chakula hicho tunacho hapa sokoni, nasi tumekuwa tukikidharau.

Jambo hili si la anasa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua. Maradhi haya hayana kelele. Humla mtu polepole kama mchwa, hadi siku anapopooza upande mmoja au figo zinapokataa kufanya kazi.

KISIWA CHA KRETE

Sifa za chakula cha Kigiriki zilitoka hasa katika kisiwa cha Krete, kile ambacho wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kwa sababu ya waraka kwa Tito. Mwaka wa 1948, wakfu wa Rockefeller Foundation kutoka Marekani ulichunguza maisha ya watu wa huko, waliokuwa wametoka katika vita na dhiki kubwa. Wachunguzi waliwakuta wakila mkate mweusi wa shayiri na ngano, maharagwe, dengu, mboga za porini, matunda, zeituni na mafuta yake. Nyama ilikuwa haba. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuridhika na chakula hicho, na nyama ndiyo waliyoitamani zaidi.

Baadaye Profesa Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliwafuatilia wanaume 12,763 wa umri wa miaka 40 hadi 59 katika nchi saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1958. Wanaume wa Krete walionekana kufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko karibu wote, ingawa walitumia mafuta mengi ya zeituni.

Utafiti huo umekosolewa, na ni haki msomaji ajue. Baadhi ya vipimo vya chakula kule Krete vilichukuliwa wakati wa Kwaresima, ambapo Wakristo wa Othodoksi hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Aidha, watu hao walikuwa wakulima na wachungaji waliotembea milimani kutwa. Huwezi kuketi ofisini toka asubuhi hadi jioni, upande matatu hadi mlangoni kwako, kisha utarajie moyo wa mchungaji kwa sababu tu umenunua chupa ya mafuta.

Hata hivyo, ushahidi haukuishia hapo. Mwaka wa 2003, Profesa Antonia Trichopoulou na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wagiriki watu wazima 22,043. Waliodumu katika ulaji wa jadi walikuwa na vifo vichache zaidi kuliko waliouacha. La muhimu zaidi ni kwamba hakuna chakula kimoja pekee kilichoweza kupewa sifa hiyo. Faida ilitokana na mlo mzima: mboga, jamii ya maharagwe, matunda, nafaka, samaki na mafuta ya zeituni kwa pamoja, huku nyama ikipunguzwa.

NANI ALILETA SIAGI?

Watu wengi hudhani kuwa ule mchuzi mweupe juu ya moussaka ni wa tangu enzi za kale. Sivyo. Uliingizwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mpishi mashuhuri, Nikolaos Tselementes, aliyesomea upishi Vienna. Alipenda sana upishi wa Kifaransa, na vitabu vyake viliwafundisha akina mama wa mjini kutumia siagi, maziwa na unga. Hata sasa, Wagiriki hulitumia jina lake kumaanisha kitabu cha mapishi.

Simlaumu. Alikuwa akiwapa watu wa mjini kile walichokiona ni ustaarabu. Sisi pia tumepitia hayo. Ni mara ngapi tumeona mtu akipata kazi nzuri anaacha githeri na kuanza kula soseji kila asubuhi? Lakini historia hiyo inatufundisha kwamba mtu anayeiondoa siagi katika moussaka hauharibu utamaduni wa Wagiriki. Anaupunguzia nyongeza ambayo haina hata miaka mia na hamsini.

MOUSSAKA YA NYUMBANI

Sasa tuingie jikoni. Moussaka ni tabaka za biringani na nyama ya kusaga, zikifunikwa na mchuzi mweupe. Inamdhuru mgonjwa kwa njia tatu: mafuta ya kukaangia biringani, shahamu ya nyama, na siagi ya juu.

Tuanze na biringani. Nyama yake ni kama sponji. Ukiitia katika kikaango cha mafuta itayafyonza yote, nawe utaongeza mengine. Badala yake, kata vipande vya unene wa kidole, vipake mafuta kidogo kwa brashi, kisha uvioke katika oveni hadi viwe laini na kugeuka rangi. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu au chuma cha kuchomea chapati. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta vyatosha biringani tatu.

Pili, nyama. Chukua nusu ya kiasi ulichozoea, uchague isiyo na mafuta, na nusu nyingine iwe kamande zilizochemshwa. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu katika kijiko kimoja cha mafuta, tia nyama, kamande, nyanya nyingi, mdalasini kidogo na karafuu moja au mbili zilizosagwa. Mdalasini ndio unaoifanya ile harufu ijulikane kuwa ni ya moussaka. Wageni hawatatambua kuwa nyama imepungua, na mfuko wako utafurahi.

Tatu, kifuniko. Changanya vikombe viwili vya mtindi mzito usiotiwa sukari, mayai mawili, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano na kungumanga kidogo. Mwaga juu, kisha uoke kwa dakika 30 hadi 40 hadi juu pawe na rangi ya hudhurungi. Ule uchachu wa mtindi unafaa kuliko siagi, kwa sababu unaipa biringani uhai.

Kwa wasio na oveni, ipange katika sufuria, uiweke juu ya makaa machache na kupalia mengine juu ya kifuniko, jinsi watu wa Pwani wanavyopalia wali. Inaiva vizuri kabisa.

PAI, MISHIKAKI NA MTINDI

Spanakopita ni pai ya spinachi na jibini, iliyofungwa kwa manda nyembamba kama karatasi. Mapishi ya mkahawani hupaka siagi kila tabaka. Nyumbani tumia manda tatu tu chini na tatu juu, ukipaka mafuta kidogo sana kwa kila moja. Ukikosa manda za Kigiriki, zile za sambusa zafaa. Ndani jaza spinachi au terere, vitunguu vya majani, nanaa, yai moja na jibini kiasi cha ngumi ya mtoto. Mboga ziwe nyingi kuliko jibini, si kinyume chake.

Souvlaki ni mishikaki, wala hatuna haja ya kufundishwa kuichoma. La kujifunza kwa Wagiriki ni kuiloweka nyama kwa saa kadhaa katika maji ya limau, kitunguu saumu na majani makavu ya oregano. Ondoa shahamu kabla ya kuichoma. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi wenye kemikali zisizofaa, na nyama iliyoungua ikawa nyeusi ina vitu vinavyohusishwa na saratani. Kule kuiloweka katika limau au siki husaidia kupunguza baadhi ya vitu hivyo. Kula vijiti viwili kwa kachumbari tele, uache chipsi.

Tzatziki nayo ni rahisi. Chuja mtindi katika kitambaa safi kwa saa mbili, tia tango lililokunwa na kukamuliwa maji, kitunguu saumu, nanaa na kijiko kidogo cha mafuta ya zeituni. Inashinda mayonezi kwa mbali, na mtoto ataila na karoti bila kulazimishwa.

Kuna pia supu ya avgolemono, ambayo Wagiriki huifanya nzito kwa yai na limau, bila krimu yoyote. Piga yai na maji ya limau, ongeza supu ya moto ya kuku kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha urudishe katika sufuria bila kuiacha ichemke. Mgonjwa asiye na hamu ya chakula huipokea vizuri.

MAFUTA NA MFUKO

Hapa najua msomaji anangoja kunishika. "Daktari, mafuta ya zeituni ni ya matajiri!" Kweli, si bei nafuu. Lakini nina majibu mawili.

Kwanza, huna haja ya kuyamwaga. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, sawa na mafuta mengine yoyote. Ni mazuri kwa mishipa ya damu, lakini hayana kibali cha kukunenepesha. Mwanakijiji wa Krete aliyeyatumia kwa wingi aliyachoma kwa jembe. Chupa ndogo ukiitumia kwenye kachumbari na maharagwe baada ya kupika itadumu muda mrefu.

Pili, kama huyamudu, tumia mafuta ya alizeti au ya kanola kwa kupikia. La kuacha ni yale mafuta magumu ya mkebe yanayoganda, pamoja na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi. Yale yaliyogandishwa kiwandani kwa mtindo wa zamani yanaweza kuwa na mafuta aina ya transi, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyatangazia vita mwaka wa 2018. Afadhali kijiko kimoja cha alizeti kuliko vitatu vya mafuta magumu, hata kama hutawahi kuonja zeituni maishani.

CHUMVI NDIYO ADUI ALIYEJIFICHA

Wengi hupunguza mafuta na kuisahau chumvi. Jibini ya feta, ambayo kwa sheria za Umoja wa Ulaya hutengenezwa Ugiriki kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, huhifadhiwa katika maji ya chumvi. Gramu 100 za feta zaweza kuwa na gramu mbili hadi tatu za chumvi. WHO inashauri mtu mzima asipitishe gramu tano kwa siku nzima, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Ongeza zeituni za chupa juu yake, utaona hesabu inavyokwenda.

Dawa yake ni nyepesi. Loweka feta katika maji baridi kwa saa moja, umwage maji hayo. Suuza zeituni. Kisha usitie chumvi nyingine kwenye chakula hicho. Ndimu, siki, oregano na kitunguu saumu zitaifanya kazi ya chumvi. Mwenye presha atosheke na kipande kidogo cha gramu 30, tena si kila siku.

BAMIA, TERERE NA MANAGU

Sasa nifikie jambo linaloniuma. Wagiriki wana chakula wanachokiita horta, yaani mboga za majani, nyingi zikiwa za kuchumwa porini. Huzichemsha, wakazinyunyizia limau na mafuta ya zeituni. Madaktari wa moyo huisifu sana. Moja ya mboga hizo huitwa vlita. Nayo ni nini? Ni jamii ya mchicha, ndugu ya terere yetu. Kule Krete wapo pia wanaokula stifno, ambayo ni jamii ya managu, au mnavu kwa watu wa Pwani!

Isitoshe, Wagiriki hupika bamia kwa nyanya, vitunguu na mafuta, nao huziita bamies. Neno hilo na letu yana asili moja, lile la Kiarabu. Na chakula ambacho wengi wao hukiita cha taifa ni fasolada, supu ya maharagwe meupe yenye karoti, selari na nyanya. Mkulima wa Murang'a angeitambua kwa kuionja mara moja.

Iko haja gani basi ya mtu wa Nairobi kununua spinachi iliyogandishwa, iliyofungwa kwa plastiki, huku mama mboga wa mtaani mwake anauza terere iliyochumwa asubuhi? Nimewasikia watu wakisema managu ni chakula cha kijijini. Watu hao hao wataisifu ikiitwa kwa jina la Kigiriki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa anaukataa uponyaji ulio mlangoni pake.

Ushauri wangu kwa familia ni huu. Pikeni moussaka au pai mara moja kwa mwezi, kwa furaha. Lakini fanyeni mtindo wa horta na fasolada kuwa wa kila wiki. Chemsheni terere na managu kwa muda mfupi, mnyunyizie ndimu na kijiko kimoja cha mafuta mazuri. Maharagwe yapikwe kwa nyanya na karoti bila kukaangwa upya kwa mafuta mengi. Siku mbili au tatu kwa wiki ziwe hazina nyama. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hapa Kenya wanalijua jambo hili kutokana na mifungo yao, na hawajadhoofika.

TAHADHARI

Chakula bora hakichukui mahali pa dawa. Usiache vidonge vya presha au kisukari kwa kuwa umeanza kula kamande. Mwambie daktari wako, mpime pamoja, naye ndiye atakayeamua kama kipimo cha dawa kipunguzwe.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin asiongeze mboga za majani kwa ghafla, kwani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Ale kiasi kile kile kila wiki. Mwenye maradhi ya figo naye asibadilishe mlo bila ushauri, kwa sababu mboga, nyanya na maharagwe vina potasiamu.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wachache huijua. Wagiriki hula maharagwe makubwa mapana yaitwayo koukia. Kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maharagwe hayo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, akapata manjano na mkojo mweusi. Hali hiyo hupatikana Ugiriki, na pia katika sehemu zenye malaria nyingi kama Pwani yetu na eneo la Ziwa. Ikiwa katika ukoo wenu kuna historia hiyo, yaepukeni. Maharagwe yetu ya kawaida, kunde na ndengu hayana tatizo hilo.

Kuhusu divai, ambayo husifiwa pamoja na mlo huo, sitamshauri mtu yeyote aanze kunywa kwa ajili ya afya. Asiyekunywa na aendelee hivyo hivyo.

WAGIRIKI WENYEWE

Kabla sijaweka kalamu chini, tutazame yaliyowapata Wagiriki. Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliuweka mlo wa nchi za Mediterania katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa binadamu, Ugiriki ikiwa miongoni mwa nchi zilizouombea heshima hiyo. Lakini katika miaka hii hii, Ugiriki imekuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye watoto wengi wanene kupita kiasi. Ulimwengu uliusifu mlo wa mababu zao huku wajukuu wakiuacha mezani.

Nasi tuko katika njia ile ile. Watoto wetu wa mijini wanajua majina ya vyakula vya kukaanga kuliko wanavyojua saga na kunde. Tofauti ni kwamba sisi bado tuna akina nyanya walio hai, wanaojua kuchuma na kupika, na soko lililojaa mboga zenyewe.

Kwa hivyo mwisho wa juma hili, nenda sokoni. Nunua biringani tatu, kamande, mtindi na fungu mbili za terere. Ukitaka kuita mlo wako wa Kigiriki, uite. Moyo wako hauulizi jina. Unauliza mafuta ni kiasi gani, chumvi ni kiasi gani, na mboga ziko wapi.